Matundu Aliyoyaziba Bi Mwantumu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Afisa Afya wa Kata, mama mmoja aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alinitazama kuanzia viatu hadi miwani, akanionyesha ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, akasema, "Chovya mkono."

Nikachovya.

"Toka nje. Uinue. Niambie upepo unatoka wapi."

Nilikuwa na shahada ya afya ya mazingira, na tasnifu yangu ilihusu mzunguko wa hewa majumbani. Nikasimama kwenye kibaraza cha ofisi, Tandale, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, huku wapagazi wa sokoni wakinipita na viroba vya viazi mgongoni. Mmoja akauliza, "Braza, gari gani unalisimamisha hapa?" Upande wa mkono uliotazama sokoni ulianza kupoa. Nikajibu kwamba upepo unatoka sokoni.

"Sasa ingia kile chumba cha nyuma, funga mlango, fanya vilevile."

Mle chumbani mkono haukupoa upande wowote. Ulibaki umelowa tu, kama kitu kilichosahauliwa.

"Basi kazi yako ndiyo hiyo," akasema. "Nyumba ambayo mkono hausikii kitu, mle watu hawavuti hewa. Wanavutana wenyewe kwa wenyewe."

Nilimuuliza kama kuna utafiti unaothibitisha kipimo hicho cha mkono. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia siku ile akaniita Bwana Ushahidi. Jina lilinifuata katika kila kata niliyohamishiwa. Sasa nimeacha kazi ya kata na nafundisha chuoni, na wenzangu wananitania kwamba nimestaafu kabla ya kuota mvi. Ninyi wanafunzi ndio mnaotaka niwasimulie. Wengi wenu mtapangiwa Temeke au Kinondoni, na hakuna kitabu kitakachowaambia mambo ya vyumba mtakavyokatazwa kuingia.

Nianze na yale mnayoyajua, ili tusipoteane. Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni kama chupa: ipulizie utakavyo, haipitishi kitu. Tunachotaka ni mpishano wa hewa, yaani hewa kuingia upande mmoja na kutokea mwingine. Na kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, mahali pazuri pa kuitolea ni juu. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliweka matofali ya matundu juu ya dirisha, karibu na lenta, ile mikanda ya zege inayofunga kuta kabla ya paa. Hayo hatukuyaita mapambo. Tuliyaita matundu ya hewa, na yalikuwa yanafanya kazi hata wenye nyumba wakiwa wamelala.

Sasa hayo mnayajua. Mimi nilipofika Tandale niliyajua pia, na nikatumwa nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafungue madirisha. Nyumba ya kwanza nilimkuta dada mmoja, mpangaji, anauza vitumbua mlangoni. Nikatoa maelezo yangu yote. Akanisikiliza kwa adabu, akageuza vitumbua, kisha akasema:

"Kaka, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Nikifungua hili la mbele, mwizi anazivua nguo zangu kwa mti kama samaki. Nikifungua la nyuma, mtaro huo hapo, harufu na mbu. Nikifungua mlango, mama mwenye nyumba anahesabu nimekula nini leo. We nambie nifungue lipi, mie nifungue sasa hivi."

Wapangaji wenzake walicheka. Nikarudi ofisini nimeudhika, nikamwambia mkuu wangu kwamba yule dada ana hoja: nani alisema hewa ya nje ya Tandale ni safi? Tunawaambia watu wafungue madirisha wakaribishe mtaro?

Hakunikemea. Alisema, "Dirisha lililofungwa lina mtu aliyelifunga, na huyo mtu ana sababu. Ukishindana na dirisha utashindwa. Nenda kwenye sababu." Tukarudi kwa yule dada na wavu wa mbu na vipande vya nondo. Tukafungua upande wa juu tu, mkono wa mwizi usikofika wala jicho la mama mwenye nyumba. Nililikubali somo lile nusu. Nusu ya pili ilinisubiri Mtoni.

Mtoni nilikuwa chini ya Afisa Afya mwingine, mwanamume mkali aliyeamini sheria kuliko binadamu. Kila sentensi yake ilianza na "Sheria iko wazi." Asubuhi moja kijana dereva wa bajaji, jina lake Shabani, alikuja ofisini kulalamika kuhusu shimo la maji machafu la jirani. Alisema harufu ya shimo lile inamuumiza mkewe kichwa. Mkewe, Zuhura, alikuwa amejifungua karibuni na bado yuko ndani ya arobaini. Mkuu akanituma nikakague shimo.

Shimo lilikuwa zima, limefunikwa vizuri. Nilisimama juu yake nikanusa kama mbwa, sikupata kitu. Lakini nilipogeuka kuitazama nyumba ya Shabani nikaona jambo lingine. Juu ya dirisha la chumba cha pembeni palikuwa na matofali ya matundu, na kila tundu lilikuwa limeshindiliwa tambara. Vipande vya kanga vilining'inia humo kama ndimi. Dirisha lenyewe lilikuwa la aluminiamu, la kusukuma, limefungwa, na kwa ndani limebandikwa boksi la friji.

"Chumba hicho nani analala?" nikamuuliza Shabani.

"Ndo cha mzazi. Mama mkwe kaziba. Upepo."

Ngoja nieleze kwa wale waliotoka bara. Kwa familia nyingi za pwani, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Mwili wake unahesabiwa uko wazi, na upepo ukimpiga utamkaa mifupani mpaka uzeeni. Hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, na chumbani huwekwa jiko la mkaa, kwa joto na kwa kufukizia udi. Mimi mwenyewe nimelelewa ndani ya mila hiyo, ingawa chuoni nilijifunza kuisema kwa sauti ya mtu aliyepita tu.

Tuliingia kwa mlango wa uani. Kwenye korido, mbele ya pazia zito, alikaa bibi mmoja mwembamba juu ya mkeka, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani. Huyo ndiye Bi Mwantumu, mama yake Zuhura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila karibu yako iishie hapohapo."

"Mimi ni Bwana Afya."

"Hata ungekuwa Bwana Harusi. Chumba cha mzazi mwanamume haingii. Huyu hapa mwenye mke mwenyewe anachungulia kama paka."

Shabani akatazama viatu vyake. Nikachuchumaa kwenye korido. Harufu ya udi ilikuwa inapita chini ya pazia, nzuri, nzito. Nikauliza kichwa kilianza lini.

"Tangu nilipomleta ndani. Ila si muda wote. Akienda bafuni huko uani anapata nafuu, akirudi chumbani kinamkamata tena. Unaona mwenyewe? Anatoka nje, upepo unamwingia. Akirudi akatulia, ndo unaanza kumtafuna. Ndiyo maana nikaziba."

"Umeziba nini, bibi?"

"Kila penye tundu."

Naomba mlifikirie jibu hilo kabla hamjacheka. Bi Mwantumu alikuwa ameona kitu sahihi kabisa: kichwa hupoa nje, huuma ndani. Alikichunguza kwa makini kuliko wengi wetu tunavyochunguza wagonjwa. Mimi kwa ushahidi uleule nilikuwa nasikia kitu kingine. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea, halafu hulala. Na udi unanukia vizuri, hivyo hakuna anayeshtuka kwamba chumba kimeharibika. Kila kichwa kilipouma, bibi aliongeza mkaa na kuziba tundu lingine. Alikuwa anaongeza ugonjwa kwa mkono uleule aliotumia kutibia.

"Na mtoto?" nikauliza.

Uso wake ukachanua. "Mtoto hana neno. Mtulivu huyo! Jana alikuwa anasumbua sumbua, leo ametulia tuli. Tangu asubuhi amelala, hata ziwa halitaki. Mtoto kama huyo mie sijaona."

Nilihisi mgongo wangu unapoa kana kwamba umechovywa kwenye ile ndoo ya Tandale.

Pazia lilikuwa umbali wa mkono. Sheria, kama alivyopenda kusema mkuu wangu, ilikuwa wazi. Na bado niliona kwamba nikilivuta pazia lile bibi atajitupa mlangoni, Shabani atalazimika kuwa upande wa mkwewe, na tutakuwa tunavutana kwenye korido wakati mle ndani mkaa unaendelea kuwaka. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua:

"Bibi, siingii. Dirisha silifungui. Matambara yako yabaki. Nakuomba kitu kimoja, sasa hivi. Jiko na mtoto wasikae chumba kimoja. Ama jiko litoke, ama mtoto atoke. Chagua wewe."

"Unataka mjukuu wangu ashikwe na baridi?"

"Leo baridi haimuui. Hilo jiko linamuua."

Akafumbua mdomo anijibu, na sijui angesema nini, maana sauti ilitoka nyuma ya pazia, ndogo, ya mtu anayeongea akiwa ameegemea ukuta.

"Mama. Toa jiko. Mie natapika. Na mtoto namwamsha haamki."

Bi Mwantumu aliinuka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake, akaingia chumbani. Hakulitoa jiko. Alitoka na mtoto, amemviringisha kwenye kanga, akatupita kwenye korido hadi uani, kwenye hewa, kwenye ule upepo aliouogopa. Nyuma yake Shabani alikuwa ameshaingia chumbani bila kuomba ruhusa, akatoka amembeba mkewe.

"Mguse nyayo," nikamwambia bibi. "Mkune nyayo."

Alimkuna. Mtoto akakunja uso, akalegea tena. Bibi akamkuna tena, akimwita kwa jina ambalo nadhani lilikuwa bado halijatangazwa kwa wageni. Jirani yule mwenye shimo alichungulia juu ya ukuta wa uani akiuliza kuna nini. Kisha mtoto akalia. Hakulia kwa nguvu. Kilikuwa kilio chembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiye na uhakika.

"Analia," akasema Bi Mwantumu, kama anayenishtakia.

"Mwache alie, bibi. Aendelee."

Shabani aliwapeleka zahanati kwa bajaji yake, mimi nimeketi mbele naye nusu kiti, bibi nyuma na wagonjwa wake wawili, mapazia ya bajaji yamefunguliwa pande zote kwa amri yake mwenyewe. Zahanati wakawapa rufaa kwenda hospitali, wakawekewa hewa ya mtungi, wakarudi nyumbani salama.

Mkuu wangu aliposikia hakunipongeza. "Ulipaswa kuingia," alisema. "Sheria inakuruhusu."

"Ningeingia, wangenifungia milango ya mtaa mzima."

"Na kama mtoto angefia mle ndani wakati wewe unabembeleza pazia?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta tangu siku hiyo, na nawaambia ukweli kwamba sijalipata. Mtu akikuuliza swali kama hilo usikimbilie kusema mambo yaliisha vizuri. Kuisha vizuri hakuthibitishi kwamba ulifanya vizuri.

Nilirudi kwa Bi Mwantumu baada ya wagonjwa kurejea. Nilikuwa nimejiandaa kutoa somo. Nilimkuta mkekani, pazia limeshushwa, jiko limewekwa uani, naye amekasirika.

"Mie nimezaa watoto saba," alianza kabla sijakaa. "Wote ndani ya moshi. Jiko linawaka usiku na mchana. Mama yangu alizaa hivyo, bibi yangu alizaa hivyo. Hakufa mtu kwa jiko. Leo wewe na miwani yako unaniambia nilikuwa namuua mjukuu wangu. Haya, nambie: hao saba kwa nini hawakufa?"

Ningeweza kumjibu kwamba alibahatika. Ndilo jibu letu la kawaida, na ni jibu la uvivu. Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa na wahadhiri. Kweli, kwa nini hawakufa?

"Sijui, bibi," nikasema. "Nyumba yenyewe ilikuwaje?"

"Si hapahapa! Kiwanja ni hikihiki nilichowapa Shabani na mkewe wajenge. Ya miti na udongo, paa la makuti. Ukuta haufiki juu, unaishia hapa," akaonyesha juu kidogo ya kichwa chake. "Ukiwasha jiko ndani, aliyeko nje anaona moshi unachuja kwenye makuti. Nyumba nzima inafuka kama sufuria la mihogo. Watu wanapita wanasema, hapa pana mza..."

Akainua macho. Juu yetu palikuwa na siling bodi nyeupe, imepigwa rangi ya mafuta, imeungana na ukuta pande zote bila mwanya wa kupitisha hata sisimizi. Shabani alijenga nyumba ile kwa jasho la miaka, matofali ya saruji, bati, aluminiamu, na alikuwa anaipenda kama mtoto.

"We Shabani," Bi Mwantumu akaita kuelekea uani. "Moshi wa nyumba yako unatokea wapi?"

"Moshi gani, mama? Hii nyumba haina moshi."

"Ndo ninachokuuliza."

Shabani akaja, akatazama alikotazama mkwewe. "Mama, si ndo usasa huo?"

"Usasa! Umetufunika kama wali."

Hapo nikaipata nusu ya pili ya somo la Tandale. Mila ile haikuwa ya wajinga. Ilikaa miaka mingi ndani ya nyumba iliyokuwa inapumua, na paa la makuti lilifanya kazi yake kimyakimya, hakuna aliyelishukuru. Kisha nyumba ikavunjwa ikajengwa mpya, na jiko likahamia humo pamoja na vyombo vingine. Hakuna aliyeliambia jiko kwamba makuti hayapo. Simaanishi turudi kwenye makuti. Wanaoyasifu ni wale ambao hawajawahi kulala chini yake mvua ikinyesha. Nasema tu kwamba mtu akibadili paa, lazima aulize paa la zamani lilikuwa linafanya kazi gani.

Tukapatana pale korido, mimi nimechuchumaa, yeye mkekani. Jiko lisiingie tena chumbani, hata makaa ya chetezo yasiingie. Nguo za mzazi na za mtoto zifukiziwe uani, kisha ziingizwe zikiwa na harufu yake. Joto litokane na blanketi na maji ya kukanda. Kuhusu matundu tulibishana sana. Aliyakataa mpaka nilipomweleza kwamba upepo unaoogopwa ni ule unaompiga mtu mwilini, na kwamba hewa ya matundu yale ingepita juu, karibu na siling, mbali na kitanda. "Kama moshi wa makuti?" akauliza. Nikasema ndiyo, njia ileile. Akatoa matambara yeye mwenyewe, akisimama juu ya kigoda, kwa kuwa mimi sikuruhusiwa na Shabani hakuaminiwa. Mimi nilikuwa nje na ngazi, nagongelea wavu wa mbu.

Baada ya hapo nilifanya kazi Segerea, katika mitaa ya nyumba nzuri zaidi, zenye madirisha makubwa yasiyofunguliwa kwa sababu ya viyoyozi. Huko hakuna aliyenizuia kuingia vyumbani, na sikumbuki chumba hata kimoja. Nimesaini ripoti, nimehudhuria semina, nimeona mabango mengi yanayosema hewa safi ni uhai. Sibishani nayo. Nauliza tu, kama kawaida yangu, bango limemwambia nani jambo ambalo hakulijua? Kila mtu anajua hewa ni uhai. Asichojua ni yake imeishia wapi, na hilo huwezi kulibandika ukutani. Inabidi uchuchumae kwenye korido ya watu na uulize, na ukubali kuulizwa.

Mwaka nilioacha kazi ya kata, Shabani alinipigia simu. Zuhura amejifungua tena, na mama mkwe ananiita. Nikaenda Mtoni nikiwa na wasiwasi. Bi Mwantumu alikuwa palepale mkekani, amezeeka zaidi, na yule mtoto mtulivu alikuwa anakimbia korido nzima akipiga kelele za kutoboa masikio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Bwana Afya. Nimekuita uangalie matundu yako kama yanafanya kazi. Nimewaambia wazazi wote wa mtaa huu, sasa wasije wakaniaibisha."

Nikapiga hatua moja kuelekea pazia.

"Wapi?" akasema. "Pitia nje."

Nikapitia nje. Nikaomba maji, nikachovya mkono, nikapanda ngazi ileile mpaka usawa wa lenta, nikauweka mgongo wa mkono mbele ya wavu. Hewa ilikuwa inatoka, vuguvugu, taratibu, na harufu ya nguo zilizofukizwa udi. Nilikaa pale juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, napokea mkononi pumzi ya chumba ambacho sijawahi kuingia.